Sahani Tunayo, Jiko Je?

"Buda, si upakue tu ile iko tayari?"

Nimeambiwa hivyo na watu watatu: mwalimu aliyenifunza kompyuta, msee wa kundi letu la ramani, na kaka yangu, aliyekuwa akinitazama nikimaliza bando lake. Wote walikuwa na nia njema. Wote wamekosea, na leo nawajibu.

"Ile iko tayari" ni JOSM, programu ya kuhariri ramani ya OpenStreetMap. Ilianzishwa na Immanuel Scholz, imeandikwa kwa Java, na inakaa kwenye laptopu yako, si ndani ya kivinjari. Unapakua faili moja ya jar, unabofya, inafunguka. Bei? Bure. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na anayedhani safari inaishia hapo.

Mwaka 2009, vijana wa Kibera walizunguka vichochoro vyao wakiwa na vifaa vya GPS, wakauweka mtaa kwenye OpenStreetMap kupitia Map Kibera. Kabla yao, ramani za mtandaoni zilikuwa zimeuacha kama uwanja mtupu. Somo lao tulilishika: usingoje mgeni aje akuchore. Lakini kalamu tunayochorea je? Hiyo tumeiacha iwe ya wenyewe.

Kwenye kundi letu kuna mama mmoja anayeuza maji. Anajua kila kibanda cha maji mtaani: kipi kina mfereji, kipi kilifungwa, kipi hufunguliwa alfajiri. Ila kila tukikaa kuchora, yeye anasema, sisi tunabofya. Vitufe vyote ni vya Kiingereza, naye Kiingereza hicho hakimkai. Mwenye ujuzi amekaa kando, wenye panya ya kompyuta ndio mabosi. Hiyo ikaniuma. Nikasema, hii programu si ni huria? Basi nitaifungua.

Nikashusha msimbo wa chanzo, nikaingia kwenye folda, nikaandika neno moja: ant. Ant ndicho kifaa kinachosoma maagizo ya ujenzi na kuyafuata. Kikanijibu kwa ukali, ati kompaila haionekani, labda JAVA_HOME yangu haielekezi kwenye JDK. Nikashangaa. Java si ninayo? Kumbe nilikuwa na JRE, ile ya kuendesha programu tu. JDK ndiyo yenye javac, kompaila inayogeuza maandishi ya Java kuwa kitu mashine inaweza kuendesha. Miaka yote nilikuwa na sahani, sina jiko. Na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kuwa jiko lipo.

Nikaweka JDK. Nikarudia. Sasa Ivy ikaanza kuagiza maktaba za watu wengine ambazo JOSM inazitegemea, na bando likakata katikati. Saa tano usiku niko dirishani na simu ya kaka, natafuta netiweki. Mara ya tatu, BUILD SUCCESSFUL. Ndani ya folda ya dist, josm-custom.jar. Ilifunguka sawasawa na ile ya kupakua. Kaka akacheka: kwa hivyo umepoteza usiku mzima kupata kile ulikuwa nacho?

La. Nilichokuwa nacho jana sikuweza kukigusa. Katika msimbo wa JOSM, maneno ya kwenye skrini yamefungwa ndani ya tr, alama ya kwamba yanaweza kutafsiriwa. Nikatafuta Delete nikaweka Futa, nikatafuta Undo nikaweka Tendua, na mengine machache. Nikajenga upya. Najua kuna njia rasmi ya kutafsiri, na huko ndiko kazi hii inafaa kuishia. Lakini Jumamosi ile mama alishika panya mwenyewe, na cha kwanza alichofanya ni kuhamisha kibanda tulichokuwa tumekiweka upande usio wake wa njia. Kilikuwa kibanda chake.

Mtasema basi ni mambo ya hisia. Haya, tuongee usalama. Machi 2024, Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, kifaa cha kubana faili kinachotumika kote kwenye Linux. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Kipande cha kuiamsha hila ile kilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo, lakini hakikuwamo kwenye hazina ya wazi ya Git. Yaani msimbo uliosomwa na watu na kifurushi walichopewa havikulingana. Siisingizii JOSM, wala sisemi kujenga mwenyewe kunazuia kila hila. Nasema asiyejua kujenga hana hata njia ya kulinganisha.

Na leseni yenyewe iko upande wangu. JOSM iko chini ya GPL toleo la 2, la 1991, au la baadaye. Leseni hiyo inahesabu maagizo ya kujenga na kusakinisha kuwa sehemu ya chanzo. Walioiandika walijua kuwa kumpa mtu msimbo bila njia ya kuujenga ni kumpa unga ukamnyima moto.

Sidai kila mtu ajenge. Si kila mtu mtaani ni fundi, lakini mtaa usio na fundi hata mmoja utanyeshewa. Ninachodai ni kidogo. Kila kundi la ramani liwe na angalau mtu mmoja aliyewahi kuijenga JOSM. Mafunzo yanayotutoza pesa yatufundishe tofauti ya JRE na JDK kabla ya kutupa cheti. Na aliyefaulu kujenga asifute maktaba ambazo Ivy imemhifadhia. Azinakili kwenye flashi, amwonyeshe mwenzake pa kuziweka, ili bando liliwe mara moja, si mara kumi.

Flashi yangu iko tayari. Kaka naye ameniomba nimfundishe, ila amesema safari hii bando ni langu.