Hablamos: Tunaongea au Tuliongea?

Mimi na mume wangu tumeanza kujifunza Kihispania, nusu saa kila usiku, simu tumezizima. Kitenzi chetu cha kwanza ni hablar, yaani kuongea. Hiyo h haitamkwi, sema “ablar”.

Kazi yenyewe nyepesi. Toa -ar, inabaki habl-. Sisi Waswahili mtendaji tunamtaja mwanzoni: ninaongea, unaongea. Wao humtaja mwishoni: hablo (ninaongea), hablas (unaongea), habla (anaongea), hablamos (tunaongea), habláis (mnaongea), hablan (wanaongea). Habláis ni ya Hispania. Amerika ya Kilatini hata “mnaongea” ni hablan. Mtu wa kumheshimu usimpe hablas, mwambie usted habla. Ukiiweza hii, cocinar (kupika) na bailar (kucheza dansi) zinafuata njia hiyo hiyo.

Juzi mume wangu akaniuliza, “¿Hablamos?” Nikajibu, “Si tuliongea jana?” Kumbe sote tulikuwa sahihi! Hablamos ni “tunaongea” na pia ni “tuliongea”. Ili usichanganye, ongeza neno: ahora hablamos, sasa tunaongea, ayer hablamos, jana tuliongea.

Tulicheka, halafu nikanyamaza. Kabla ya hiyo nusu saa, jioni zetu zilikuwa chakula, luninga, kitanda. Tulikuwa watu wa ayer bila kujua.

Na nyie je? Leo usiku zima luninga, mgeukie mwenzio, mwambie: ahora hablamos. Akikushangaa, mfundishe. Mtakuwa mmeshaanza kuongea.