Tusiiruke safari ya sita ya Kusadikika

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, awe Bukoba mjini au Nshamba kule Muleba, anajua takriri ni nini. Ameambiwa kuwa ni neno au kifungu kurudiwa kwa kusisitiza, amepewa mfano, ameukariri, na siku ya mtihani ataandika kwamba mwandishi ametumia takriri na alama yake ataipata. Muulize kwa nini Shaaban Robert, katika Kusadikika, anasimulia karibu jambo lilelile mara sita. Yaelekea atasema kitabu kinachosha. Simlaumu, kwa kuwa majibu hayo mawili ameyapata katika somo moja. Tumemfundisha kuliona neno linaporudiwa, lakini tukio linaporudiwa hatujamfundisha kuliona, na katika hadithi hilo la pili ndilo linalobeba mzigo. Hata orodha yetu ya vipengele vya fani, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, haina pa kuliweka. Mwanafunzi ataandika kwamba muundo ni wa moja kwa moja au wa rejea, kisha atasonga mbele.

Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kuwafundisha watu uanasheria, na mshtaki wake ni waziri Majivuno. Badala ya kubishana kuhusu shtaka lenyewe, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, ili walete mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja anasafiri kwa taabu na kurudi na jambo jema, na kila mmoja anaishia kifungoni. Safari ya kwanza msomaji anaisoma akiwa na matumaini. Ya pili anaanza kushuku. Kufikia ya tatu anajua mwisho kabla haujafika, na hapo ndipo sanaa ya mwandishi inapofanya kazi yake: macho ya msomaji yanamwacha msafiri na kuwageukia walioketi barazani. Swali halihusu tena kitakachompata mjumbe. Linahusu jinsi watu hawa wanavyoweza kufanya hivi tena na tena. Uchovu anaoulalamikia mwanafunzi ni wa kweli, na umekusudiwa. Ni uchovu wa raia aliyeishi chini ya baraza la namna ile. Mjumbe mmoja angekuwa mtu aliyeonewa. Sita ni ushahidi dhidi ya utawala mzima, na mfalme anapowafungulia mwishoni, uzito wa hukumu hiyo unatokana na hesabu tuliyokuwa tukiifanya kimyakimya tangu mwanzo.

Mkoa wa Kagera una sababu ya kuielewa mbinu hii kuliko wengi. Ngano za Wahaya zimejengwa kwa tukio linalorudi na wimbo unaorudi nalo, na wasikilizaji wana zamu yao ndani ya masimulizi. Mtafiti Mmarekani Peter Seitel, aliyechapisha kitabu kuhusu ngano hizo mwaka 1980, alikipa jina kutokana na maneno ya kuzifungulia. Msimulizi hutangaza kwamba alikuja akaona, na hadhira humwitikia kwa kumtaka aone ili nao wapate kuona. Mtu aliyepewa wajibu wa namna hiyo hawezi kuusikiliza wimbo wa mara ya tatu kama alivyousikiliza ule wa kwanza. Kwa mara ya tatu anauimba mwenyewe, na kwa kuwa anauimba, silabi moja ikibadilika ataisikia kabla hajaelezwa maana yake. Hiyo ndiyo faida ya kurudia: msikilizaji anajengewa mazoea ili mazoea hayo yavunjwe mahali penye maana.

Enanga, utendi wa Wahaya unaoimbwa kwa ala ya nyuzi, inaonyesha jambo hilohilo kwa upana zaidi. Katika vikale, yaani makasri ya watawala walioitwa Abakama, kuanzia Kiziba hadi Ihangiro, mpigaji aliimba na kusimulia mwenyewe, na vidole vyake vikaendelea na mlio uleule unaozunguka juu ya nyuzi. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliuandikia utanzu huu tasnifu iliyokamilika mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa sehemu ya jibu la wasomi wa Kiafrika kwa Ruth Finnegan, ambaye mwaka 1970 alikuwa ametilia shaka kuwepo kwa tendi barani Afrika. Ubishi ule ulihusu ukubwa wa kazi hizi na ushujaa wa wahusika wake. Kwangu, somo lililobaki bila kuchumwa ni la msomaji wa leo, kwamba muziki usiobadilika chini ya maneno yanayobadilika ni njia ya kumwonyesha mtu ni wapi hasa habari imegeuka.

Mwaka 1980, kilipotoka kitabu cha Seitel, ilitoka pia riwaya ya Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, katika juzuu mbili. Mwandishi alikuwa ameimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, baadaye akaiandika upya mwenyewe kwa Kiswahili, na alifariki mwaka 1981. Ukerewe ni ng'ambo ya ziwa, lakini si ugenini. Kikerewe na Kihaya ni lugha za jamii moja, na mapokeo ya kisiwa hicho yanasema ukoo wa watawala wake, Abasilanga, ulitoka Ihangiro, ambayo leo iko Muleba. Wengi walioianza riwaya hii wameiacha njiani kwa sababu maamkizi yanaandikwa yote na kila kazi ya nyumbani inaelezwa hatua kwa hatua. Lakini tazama Myombekere anavyokwenda ukweni kumfuata mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake. Mara ya kwanza anakwenda kuomba, na baadaye anarudi kulipa pombe ya ndizi aliyotozwa. Njia ni ileile, heshima anazotoa ni zilezile, ila aliyekwenda kama mkosaji sasa anapokelewa kama mkwe. Kitereza hatuelezi badiliko hilo kwa sentensi ya ufafanuzi. Anayeruka maamkizi analikosa.

Wapo watakaosema kwamba kurudia kulikuwa msaada wa kumbukumbu tu kwa watu wasioandika, na kwamba karatasi imeondoa haja hiyo. Hoja ina mizizi. Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord walionyesha jinsi watunzi wa tendi za mdomo wanavyotegemea mafungu ya maneno yaliyo tayari. Hata hivyo, msaada wa kumbukumbu hauelezi kwa nini mara ya mwisho hutofautiana na zilizotangulia. Kumbukumbu ingeridhika kama zote zingefanana. Tena Shaaban Robert aliandika kwa kalamu, mezani, akiwa na uwezo kamili wa kufuta. Safari zote sita alizibakiza kwa hiari.

Wengine watasema msomaji wa leo ana haraka. Ana haraka na mambo asiyoyahitaji. Yuleyule anayedai kuchoshwa na safari ya nne ya Kusadikika husubiri kiitikio cha wimbo aupendao, na kanisani au msikitini humfuata mhubiri anayeirudia kauli moja hadi iwaingie waumini. Tatizo liko katika mazoea tuliyompa ya kusoma kitabu kwa kuwinda hoja za maudhui. Ukisoma kwa kuwinda hoja, safari ya pili haina kipya, kwani hoja ulishaipata katika ya kwanza.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni kwamba kuna kurudia kwa uvivu, na kuisifu mbinu hii ni kuwapa leseni waandishi wazembe. Ni kweli vitabu vya namna hiyo vipo, na mhariri mwema anapaswa kuvikata. Ila kipimo kipo na hata mwanafunzi anaweza kukitumia: tukio linaporudi, ama kuna kitu kimebadilika ndani yake, ama msomaji mwenyewe anajua jambo ambalo hakulijua lilipotokea mara ya kwanza. Kama hakuna hata kimoja, kata. Kikiwepo kimoja, ukikata umeiondolea hadithi nguvu zake.

Walimu wa Kiswahili wa Bukoba na Muleba wanaweza kuanza bila kusubiri mtaala mpya. Wamwalike darasani mzee anayejua kusimulia, asimulie kwa lugha yake wanafunzi wakiitikia, kisha siku hiyohiyo wafungue Kusadikika na kuwauliza swali moja tu: ni katika safari ya ngapi ulianza kulikasirikia baraza, na kwa nini haikuwa ya kwanza? Nao watunga mitihani wakubali jibu la swali hilo kama jibu la fani.