Nani Aliyeuchora Mtaa?

Imekuwa ada siku hizi, mradi wa maendeleo unapoingia katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi, kuandamana na wasanii. Ukuta hupakwa rangi, vijana huigiza kwa nusu saa, kisha wakazi huulizwa wangependa mtaa wao uwe vipi miaka ijayo. Lengo ni jema. Walakini, aghalabu picha imekwisha kuchorwa ofisini na mchezo umekwisha kuandikwa. Mkazi huachiwa kazi ya kupiga makofi.

Wanaodai kwamba hakuna njia nyingine wameisahau Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru kilichozaliwa na Hali ya Hatari ya miaka ya 1950. Mwaka wa 1977, wakulima na vibarua wa hapo walijijengea ukumbi wa wazi wa kutosha watu wapatao 2,000. Ramani yake haikutoka kwa msanifu majengo. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia jinsi kikundi cha wanakijiji kilivyopanga njiti za kiberiti juu ya ardhi tupu, kikaunda kielelezo kidogo, ndipo ujenzi ukaanza. Njiti za kiberiti!

Mchezo wenyewe, Ngaahika Ndeenda, ambao Ngũgĩ aliutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulipitia mkondo uo huo. Mazoezi yalifanywa hadharani na watazamaji wakasahihisha: mhusika mzee aliponena kwa lugha isiyolingana na umri wake, wazee halisi walipinga. Waliweza kupinga kwa sababu mchezo ulikuwa kwa Kigĩkũyũ, lugha waliyoimiliki kuliko msomi yeyote. Hapo ndipo nionapo kiini cha suala hili. Mkazi hawezi kusema "sivyo" katika lugha anayoiogopa.

Serikali ya wakati huo ilielewa. Kibali kilifutwa Novemba 1977, Ngũgĩ akatiwa kizuizini tarehe 31 Desemba, na Machi 1982 polisi wakaubomoa ukumbi. Sidhani ukuta uliopakwa rangi za kupendeza tu ungebomolewa.

Sasa tujitazame sisi. Vikundi vya maigizo vya vyuo vyetu huenda Mukuru au Kibera na miswada iliyokwisha kunyooshwa sarufi, ilhali vijana wengi wa huko huiwaza kesho yao kwa Sheng. Tukiwasahihisha kabla ya kuwasikiliza, tumewapokonya njiti. Wapo wahadhiri watakaoshangaa kuisoma kauli hii katika jarida la Kiswahili. Siitetei Sheng, natetea haki ya mwenye mtaa kuugusa mswada. Usanifishaji unaweza kungoja siku ya kuchapisha.

Mwaka wa 2017, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, wakazi waliitwa kujadili barabara, maji na makao. Mijadala kama hiyo ni tamthilia tayari. Vikundi vyetu na viende na swali tu, bila mswada, na mazoezi ya kwanza yafanyiwe kando ya bomba la maji, ambako watu wamepanga foleni na mitungi yao na wana la kusema.