Unakaa Mkristo, au Unakaa Ndani ya Kristo?

Ndugu msomaji, ukitoka pwani na kufika Elburgon kwa mara ya kwanza, jihadhari na neno "kukaa". Jumapili moja, nje ya kanisa mjini humo, mama mmoja alimtazama mgeni kutoka Mombasa akamwambia kwa huruma, "Pole baba, unakaa mgonjwa." Mgeni akajibu, "La, mama, mimi nakaa Kisauni." Tulicheka hadi machozi.

Kwa mgeni yule, kukaa ni kuketi kitini, kubaki au kuishi mahali. Sisi wa bara tumeongeza maana nyingine: kuonekana. Mtoto anakaa babake. Inakaa mvua itanyesha. Walimu wa Kiswahili hutukosoa kila siku, nasi hatusikii.

Kicheko kilipokwisha, nilikumbuka Injili ya Yohana, sura ya 15, ambapo Bwana Yesu anawaagiza wanafunzi wakae ndani yake kama tawi katika mzabibu. Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952 ili Wakristo wa Kiunguja na wa Kimvita wasome kitabu kimoja, hutumia neno hilo hilo, kukaa. Maana yake pale ni kubaki na kudumu. Lakini ukilisoma kwa masikio ya Elburgon, waweza kudhani Bwana anataka tufanane naye kwa sura tu.

Elburgon si mji wa mizabibu. Ni mji wa misitu na mbao, na kila mtoto wa hapo anajua jambo hili: tawi la msaipresi likikatwa leo, kesho bado linakaa bichi. Ukilipita njiani utadhani li hai. Ngoja majuma machache tu, majani yanageuka rangi na mama anaokota kuni.

Ndivyo tulivyo wengi wetu. Tunakaa Wakristo. Suti imepigwa pasi, Biblia iko kwapani, sauti ya kwaya haina kifani. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vita vya kikabila viliunguza nyumba katika eneo la Molo, ambako Elburgon iko. Waliofukuzana hawakuwa wageni. Walikuwa majirani, wengi wao wakiliitia jina moja la Bwana. Siku ile ubichi wa majani haukusaidia kitu. Kilichohitajika ni shina, la kumwezesha mtu kumfungulia mlango jirani wa kabila lingine, huku akijua hatari yake.

Shina halishikwi siku ya vita. Hushikwa siku za kawaida, kwa sala ya asubuhi kabla ya matatu ya kwanza, kwa kumwomba mke msamaha, kwa kurudisha chenji iliyozidi. Nawe mwanafunzi, hushikwa bwenini, pale wenzako wanapomsema vibaya mwenzenu kwa sababu ya lugha ya mamake, nawe ukakataa kucheka.

Kwa hiyo msomaji, mtu akikuambia leo kwamba unakaa Mkristo, mshukuru. Kisha ukifika nyumbani, funga mlango, ujiulize swali la yule mgeni wa Kisauni: hasa mimi nakaa wapi?