Kasha Gumu Halitoshi

Mitambo ya kukuza sauti siku hizi ni mali ya kawaida katika shule, nyumba za ibada, kwaya na vikundi vya taarabu. Aghalabu amplifaya, mikisa na vyombo vinginevyo hufungwa kimoja juu ya kingine katika fremu ya chuma. Upana wa vyombo hivyo umekubaliwa ulimwenguni kote kuwa milimita 482.6, yaani inchi 19. Na kimo chake hupimwa kwa hatua za milimita 44.45, ili chombo cha kiwanda kimoja kienee katika fremu ya kiwanda kingine. Utaratibu huu ni mzuri. Matatizo huanza mitambo inapopakiwa garini.

Niliwahi kushuhudia kasha la mitambo ya shule moja likiteremshwa kutoka katika lori baada ya safari ndefu ya barabara ya vumbi. Lilikuwa kasha la mbao nene, pembe zake zimevishwa chuma, wala halikuwa na mkwaruzo. Lakini lilipofunguliwa, ilionekana kwamba transfoma ya amplifaya imeng'oka mahali pake na kupasua bodi ya saketi iliyokuwa kando yake. Mahafali yakafanyika bila vipaza sauti, na fedha zilizochangwa na wazazi zikaishia kwa fundi. Waliokuwapo walimlaumu dereva. Mimi nilimlaumu aliyechagua kasha, kwa kuwa alitazama ugumu wake tu. Kasha lililosalimika si lazima liwe limekisalimisha kilichomo ndani.

Sababu yake imo katika fizikia tunayoifundisha. Kitu kinachoanguka hakivunjwi na mwendo, bali na kusimama ghafula. Tuchukue kasha linaloponyoka mikononi mwa wapagazi kutoka kimo cha sentimita 60. Likitua juu ya saruji, na chombo kilichomo kikasimama katika umbali wa milimita 2 tu, basi wastani wa mchapuko wa kukisimamisha ni 60 gawanya kwa 0.2, yaani mara 300 ya mchapuko wa uvutano wa dunia. Transfoma ya kilo 5 huvuta skrubu zake kana kwamba ina uzito wa kilo 1,500. Lakini chombo hicho hicho kikiruhusiwa kusimama katika umbali wa sentimita 3, hesabu hushuka hadi mara 20, na transfoma ile huwa kama yenye kilo 100. Kimo ni kile kile na mwendo ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali wa kusimamia. Kwa hiyo anayenunua kasha hununua umbali huo kwanza, na mbao baadaye.

Umbali huo hupatikana kwa kuweka fremu ya ndani inayoelea juu ya sponji pande zote, pamoja na chini na juu. Sponji haibanwi mpaka ikaisha, kwa hiyo anayetaka sentimita 3 za kusimamia sharti aweke unene wa sentimita 5 au 6. Ugumu wake nao haufai kuchaguliwa kwa kuibonyeza kwa kidole, kwani linaloamua ni kanieneo, yaani uzito wa mitambo ukigawanywa kwa eneo la sponji inayoubeba. Sponji ya godoro chini ya mzigo mzito hunywea yote kabla safari haijaanza, na hapo haina tena umbali wa kutoa. Ile ngumu kupita kiasi haibonyei hata kidogo, nayo ni sawa na ubao.

Tena kuna mitetemo ya barabara. Mtoto aliye katika bembea akisukumwa kwa wakati ufaao, hata kwa mkono dhaifu, huzidi kupanda. Vivyo hivyo, lori huruka-ruka juu ya springi zake mara chache kwa kila sekunde. Na ikiwa fremu inayoelea nayo ina mtikisiko wa kiasi hicho hicho, kila shimo la barabara litaisukuma kama bembea. Kwa hiyo ulaini mwingi si usalama. Sponji nzuri huzuia mitetemo ya haraka bila kuifanya mitambo icheze ngoma ya lori.

Jambo la tatu husahauliwa na wengi. Chombo hufungwa kwa skrubu za upande wa mbele tu, ilhali uzito wake uko nyuma. Amplifaya ya kilo 20, ambayo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 20 nyuma ya skrubu hizo, huleta momenti ya takriban nyutoni-mita 40 ikiwa imetulia. Katika mshtuko wa mara 20 momenti hiyo hukaribia 800. Si ajabu bamba la mbele kupinda. Vyombo vizito vishikiliwe nyuma pia, na viwekwe chini ya fremu.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba makasha ya namna hii huuzwa ghali na hutoka ng'ambo. Ni kweli kuwa yapo yenye lebo ya ATA 300, kanuni ya chama cha mashirika ya ndege cha Marekani, ambayo kwa daraja lake la kwanza hudai kasha lihimili safari zisizopungua 100 za kwenda na kurudi. Lakini lebo hiyo yazungumzia uimara wa kasha. Haijui uzito wa amplifaya yako. Seremala wa mtaani mwenye plaiwudi nzuri, vyuma vya pembe na sponji iliyopimwa aweza kutengeneza kasha lililo bora kwa mzigo wako kuliko la dukani lisilopimwa.

Na kupima huko ni kazi ya darasa. Toboa tundu katika sponji ya chini, simamisha humo donge dogo la udongo wa mfinyanzi lenye kimo sawa na sponji, kisha pakia katika fremu matofali yenye uzito sawa na mitambo. Pandua, pima kimo cha donge, lirudishe, pakia tena, na uangushe kasha kutoka sentimita 60. Sponji itajirudi, lakini udongo utabaki umebonyea. Tofauti ya vimo viwili ndiyo umbali wa kusimamia. Gawanya 60 kwa sentimita hizo, na jibu litakuambia kama mitambo yako ingalisalimika.

Mwanafunzi atakayefanya jaribio hili hataisahau kanuni ya mwendo, na shule yake haitachanga fedha mara mbili kwa amplifaya moja. Tusiyaache matofali yavunjike bure mahali ambapo mitambo ingevunjika kwa gharama: tuyavunje kwanza, tupime, ndipo tupakie.