Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Washikaji, mnaopenda picha za Banksy, yule Mwingereza wa kuchora ukutani anayeficha sura, nisikilizeni. Nyingine huchapwa kwa skrini, kama fulana za kampeni, ila kwa idadi maalumu. Ile ya binti na puto, ya 2004, zilitoka 150 zenye saini na 600 zisizo na saini.

Namba na saini ni za penseli. Penseli hata tapeli anayo! Ndiyo maana 2008 Banksy akaanzisha ofisi ya kutoa vyeti, Pest Control. Cheti hubandikwa nusu ya noti feki ya pauni 10. Nusu nyingine hubaki ofisini. Zikioana, mambo safi.

Mimi nasema hivi: bila cheti, umenunua karatasi.