Acheni kuchakachua video zetu

Nimekaa na hasira hii wiki tatu. Nilijiambia nisiandike nikiwa nimekasirika, nikasubiri ipungue. Haikupungua. Basi naandika hivyo hivyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi ni mwandishi wa gazeti, lakini siku hizi gazeti nalo linataka video, kwa hiyo tunatembea na kalamu mkono huu na kamera mkono ule. Nilimrekodi mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Katikati ya mazungumzo akatoa picha ndani ya bahasha, picha ya genge lake la kazi. Akaisogeza karibu na kamera, akaanza kuwataja wenzake mmoja mmoja huku akiwaonyesha kwa kidole. Watu kumi na mmoja. Alipomaliza akasema katika hao hakuna aliye hai.

Video ikapelekwa studio moja (sitaitaja) ihaririwe, iwekewe ramani ya reli, majina na mbwembwe nyingine. Iliporudi, zile nyuso zilikuwa zimegeuka vibokisi. Mzee anataja jina, kidole chake kinaonyesha doa la kijivu! Nikaomba faili za mwanzo. Nikaambiwa zimeshafutwa, eti diski ilijaa. Kadi ya kamera nilishaifuta mwenyewe kwa kazi nyingine, na kosa hilo nalibeba. Nikasema nitamrudia mzee. Mzee alikuwa ameshazikwa, na familia haijui ile picha iko wapi.

Sasa tuulizane, kilitokea nini? Hakuna uchawi. Nilikaa na yule kijana aliyehariri, akanieleza hatua kwa hatua, na wala hakuona tatizo. Alikata video kwenye Premiere Pro, akatoa MP4 ya H.264. Akaifungua kwenye After Effects, akaweka ramani, akatoa MP4 nyingine. Akairudisha Premiere Pro kuweka majina, akatoa ya tatu. Jina moja likawa limekosewa herufi, akachukua hiyo hiyo ya tatu, akasahihisha, akatoa ya nne. Halafu akanitumia kwa WhatsApp, ambayo nayo ikaibana kwa namna yake. Mara tano!

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na H.264. Imekuwepo tangu 2003 na imefanya kazi kubwa. Lakini kazi yake ni kufikisha video kwa mtazamaji ikiwa nyepesi. Ili iwe nyepesi, inatupa. Haihifadhi kila fremu nzima: inahifadhi moja, zinazofuata inaandika tofauti tu. Kwenye rangi, kwa mfumo wa kawaida wa 4:2:0, pikseli nne zinagawana sampuli moja. Na mara nyingi inakuwa na biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. Ukitazama mara moja huoni kilichotupwa. Ukiitoa tena, programu inadhani makosa ya mara ya kwanza ni sehemu ya picha, inayahifadhi kwa uaminifu, kisha inatupa mengine. Wote tumewahi kupeleka ofisini fotokopi ya fotokopi ya cheti cha kuzaliwa. Tunajua mhuri unavyoishia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ipo, na ipo miaka mingi. Adobe walileta Dynamic Link mwaka 2006. Unachagua kipande kwenye taimulaini ya Premiere Pro, unakigeuza kuwa komposisheni ya After Effects, unaweka ramani yako, na matokeo unayaona kule kule ulikotoka. Hakuna faili la katikati. After Effects inasoma faili lile lile lililotoka kwenye kamera. Anayetumia DaVinci Resolve ana ukurasa wa Fusion ndani ya programu ile ile tangu toleo la 15 la mwaka 2018, na kuna toleo la bure.

Utasema kompyuta yako inakwama, au anayetengeneza michoro yuko ofisi nyingine. Sawa. Basi toa faili la kazi, usitoe faili la kutazama. Kodeki za kazi zipo: ProRes 422 HQ, DNxHR HQX, CineForm. Kwenye hizi kila fremu inasimama peke yake, rangi haibanwi kiasi kile, na unapata biti 10, yaani ngazi 1,024. Kama mchoro unahitaji sehemu ya uwazi, ProRes 4444 inaibeba. Kiukweli nazo hupunguza kidogo, lakini kidogo kiasi kwamba jicho halitaona hata ukirudia mara kadhaa. Asiyetaka kupoteza chochote kwenye michoro yake atoe mfululizo wa picha za PNG. Na kama kamera ilirekodi fremu 25 kwa sekunde, hakikisha komposisheni nayo ni 25. Ukiiacha kwenye 29.97 halafu ukarudisha, video inaanza kuchechemea na unasingizia mpiga picha.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

"Faili ni kubwa mno." Hebu tupige hesabu. ProRes 422 ya 1920 kwa 1080, fremu 25, ni takriban megabiti 122 kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 55 kwa saa nzima. Ni kubwa, sikatai. Lakini nani kakwambia umpelekee mtu wa michoro saa nzima? Ramani yangu ilikuwa ya sekunde 20. Hiyo ni kama megabaiti 305. Inaingia kwenye flashi ya bei ya chini kabisa Kariakoo, na nafasi inabaki.

"ProRes ni ya watu wa Mac." Ilikuwa hivyo zamani. Adobe waliruhusu kuitoa kwenye Windows mwishoni mwa 2018.

"Nitaibadilisha MP4 iwe ProRes mwishoni." Hili ndilo linalonichekesha. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukiweka faili lililoharibika ndani ya kodeki kubwa, umepata faili kubwa lililoharibika.

"Mteja haoni." Hapa ndipo tunapogombana. Mtu anayechanganya mafuta ya taa kwenye dizeli naye husema mteja haoni. Ni kweli haoni, mpaka injini ife. Mteja anaangalia video ya harusi yake leo kwenye simu, anafurahi, analipa. Miaka kumi ijayo mama yake hayupo, anaifungua kwenye skrini kubwa amtazame usoni, anakuta vibokisi. Atakutafuta wapi?

Kwa hiyo nawaambia wateja wenzangu, tuanze kuuliza kabla ya kulipa. Faili za mwanzo zitatunzwa wapi, na kwa muda gani? Video itatolewa mara ngapi kabla ya kunifikia? Nitapewa nakala kubwa pamoja na ile ya simu? Anayekasirika ukimuuliza hayo, beba kadi yako uondoke. Na nyie wahariri, H.264 ni mara moja tu, mwisho wa safari. Kama kuna herufi ya kusahihisha, rudi kwenye projekti, usirudi kwenye faili ulilokwisha kulitoa.

Sauti ya mzee, bahati nzuri, inasikika vizuri. Nimeisikiliza tena jana usiku na kuandika majina yote kumi na moja kwenye daftari. Nani alikuwa nani katika ile picha, hilo sitalijua tena.